Sindano Mfukoni

Katika habari yote ile ya Tokyo kuna kitu kidogo ambacho hakinitoki kichwani tangu masika yaliyopita, nacho ni sindano. Nitafika huko. Kwanza nieleze siku yenyewe, maana mwaka 1995 wengi wetu tulikuwa na mbio zetu wenyewe, hatukuwa na nafasi ya kusikiliza mambo ya Japani, na wengine wenu mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Machi 1995, karibu saa mbili asubuhi, saa ile watu wanasongamana kwenda kazini. Wanaume watano walipanda treni tano tofauti za chini ya ardhi jijini Tokyo. Treni hizo zilikuwa za njia tatu, na zote zilikuwa zinapita Kasumigaseki, mtaa wenye wizara za serikali na makao makuu ya polisi. Kila mmoja alibeba mifuko ya plastiki iliyozungushiwa gazeti, pamoja na mwavuli ulionolewa ncha. Kituo chake kilipokaribia, aliiweka mifuko sakafuni, akaidunga kwa ule mwavuli, akashuka, akaenda kwenye gari lililokuwa linamsubiri. Ndani ya mifuko mlikuwa na sarini.

Sarini ni sumu ya mishipa ya fahamu. Walioigundua ni wataalamu wa Ujerumani mwaka 1938, wakiwa wanatafuta dawa ya kuulia wadudu. Haina rangi. Mtu akiivuta, mboni za macho zinasinyaa mpaka anaona mchana kama jioni, pua inatiririka, kifua kinabana, misuli inaacha kusikia amri. Wengi siku ile walidhani taa za kituo zimefifia tu. Walikufa watu 13, na zaidi ya 5,000 walikwenda kutibiwa. Hospitali moja peke yake, St. Luke's, ilipokea wagonjwa 640 siku hiyohiyo, wengine kwa teksi, wengine kwa miguu yao, na manesi na madaktari wakaanza kuumwa wao pia kwa sababu ya mvuke uliokuwa unatoka kwenye nguo za wagonjwa. Mwanamke mmoja aliyelemaa siku ile aliishi hivyo kitandani miaka 25, akafa mwaka 2020. Ndiyo maana siku hizi hesabu yao inasoma 14.

Waliotenda haya walikuwa waumini wa kikundi cha dini kilichoitwa Aum Shinrikyo. Mwanzilishi wake, Asahara Shoko, alikuwa mtu mwenye uoni hafifu, alisomea shule ya vipofu, akaanza na darasa dogo la yoga mwaka 1984. Miaka mitano tu baadaye serikali ilikiandikisha kikundi chake kama dini halali. Akachanganya Ubudha, Uhindu na utabiri wa mwisho wa dunia, akapata wafuasi wapatao 10,000 Japani na wengine wengi zaidi Urusi. Mwaka 1990 yeye na wenzake 24 waligombea ubunge, wakashindwa wote, tena vibaya. Wapo wanaosema uchungu wa kushindwa ule ndio uliomgeuza. Mimi sidhani. Watu wake walikuwa wameshaua kabla ya hapo.

Sasa hapa kambini ukimsimulia mtu habari kama hii atakwambia: hao walikuwa wajinga, hawakusoma. Hapana. Kati ya wale watano wa kwenye treni, watatu walikuwa wamesomea fizikia chuo kikuu. Na mmoja alikuwa daktari.

Anaitwa Hayashi Ikuo. Wakati ule alikuwa na miaka 48, daktari wa moyo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Keio. Sisi Wakongo daktari tunamwita munganga, na munganga wa moyo tunamtaja kama tunavyomtaja askofu, maana wengi wetu hatujawahi kumwona hata mmoja kwa macho. Huyu aliacha kazi ya hospitali mwaka 1990 akaingia kwenye jumuiya ya Aum pamoja na familia yake. Asubuhi ile alikaa kwenye treni ya njia ya Chiyoda akiwa na mifuko miwili. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba alimtazama mwanamke aliyekaa mbele yake akafahamu vizuri kabisa: nikitoboa, huyu anakufa, labda awahi kushuka. Akasita. Halafu akatoboa. Mfuko mmoja ulipasuka, wa pili ukabaki mzima. Ule mmoja uliua watu wawili, wote wafanyakazi wa reli. Nitawarudia.

Swali langu linamhusu huyo daktari. Mtu akiamini kweli, kwa moyo wake wote, kwamba anaokoa, na papo hapo anaua, tumhesabie nini? Najua wengine wataliona ni swali la watu wa shibe. Lakini mimi nimelala nalo, na mtaona kwa nini.

Maana Aum walikuwa na fundisho juu ya jambo hilo, na jina lake, ajabu ya Mungu, lilikuwa "poa". Neno walilichukua kwenye Ubudha wa Tibet, ambako linahusu kuisindikiza roho ya mtu anayekufa ifike mahali pema. Asahara akaligeuza. Akafundisha kwamba mtu anayeishi vibaya anajiongezea mzigo wa dhambi kila siku, kwa hiyo ukimuua kabla hajaongeza, umemfanyia hisani, roho yake itapanda. Basi katika midomo yao "poa" ikawa maana yake ni kuua. Kwetu sisi homa inapoa, uji unapoa, mtoto aliyelia anapoa akibebwa, kijana ukimwuliza hali anajibu poa. Nilipokutana na neno hilo katika habari ya mauaji nilicheka kwanza. Kisha sikucheka tena.

Kulikuwa na wakili, Sakamoto Tsutsumi, aliyezitetea familia zilizotaka watoto wao watoke kwenye kikundi. Novemba 1989 watu wa Aum waliingia nyumbani kwake usiku wakamuua yeye, mkewe na mtoto wao wa mwaka mmoja. Miili ilipatikana Septemba 1995. Mtoto wa mwaka mmoja alikuwa amerundika dhambi gani za kuzuiwa zisizidi? Hapo fundisho lenyewe linajichana. Lakini waliolifuata hawakuuliza, au waliuliza kimoyomoyo wakanyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakotaka tukutazame.

Tuwe waangalifu, lakini. Nia si kitu cha kutupa. Siku ileile, kwenye treni nyingine ya njia ya Hibiya, abiria mmoja aliona kifurushi kinachovuja sakafuni. Treni iliposimama kituo cha Kodenmacho akakipiga teke kikatoka nje. Alitaka kuwaokoa wenzake ndani ya behewa. Kifurushi kikakaa pale jukwaani, mvuke ukaenea kwa watu waliokuwa wanangoja, na ni kituoni hapo palipokufa watu kadhaa. Nani atamwita yule abiria muuaji? Hakuna. Alitaka kuokoa, na mkono wake ukasaidia kifo bila yeye kujua. Na daktari naye anasema, nilidhani naokoa. Kwa nje wanafanana kidogo, si ndiyo? Wote wawili walisukuma sumu kwa watu, wote wawili na wokovu kichwani.

Unaweza kusema tofauti ni kujua. Yule wa teke hakujua kilichomo, daktari alijua. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa sababu daktari angekujibu: nilijua itaua mwili, lakini niliamini roho itapona, kwa hiyo kujua kwangu hakukuwa kujua kuua kama unavyosema wewe. Ndivyo wanavyojibu watu wa namna hiyo. Ukibishana nao kwa maneno ya roho huwezi kuwashinda, maana roho haionekani na wao ndio wenye ramani.

Ndipo inapokuja sindano.

Wale watano hawakwenda kazini mikono mitupu. Walipewa sindano za atropini, dawa inayopinga sumu ya sarini, ili wakianza kuona giza na kubanwa kifua wajichome wenyewe. Mmoja wao, aliyekuwa amesomea fizikia, alianza kuumwa baada ya kutoka kwenye treni na akajichoma kweli. Na aliyezigawa sindano hizo kwa wenzake alikuwa nani? Daktari Hayashi. Munganga mwenyewe.

Haya, tukae hapo kidogo. Kama kifo kile kilikuwa zawadi, kama yule mwanamke aliyekaa mbele yake alikuwa anapelekwa juu, kwa nini mtoaji wa zawadi alibeba dawa ya kuikwepa? Mtu atanijibu kwamba walihitajika kuendelea na kazi. Ndiyo, kila mara mwenye kubaki ndiye mwenye kazi ya kuendelea nayo, na mwenye kwenda mbinguni ni jirani. Kwangu mimi sindano ile ni ushahidi. Inaonyesha kwamba mahali fulani ndani ya mtu yule, chini ya mafundisho yote, palikuwa na daktari bado, na daktari huyo alijua kwamba kufa ni kufa na kwamba kupumua ni bora. Alimruhusu daktari huyo afanye kazi kwa ajili ya mwili wake na wa wenzake. Kwa ajili ya yule mwanamke akamnyamazisha.

Na lile shambulio lenyewe halikuwa hata kwa ajili ya roho ya mtu yeyote. Aum walikuwa wamepata habari kwamba polisi wanakuja kuwapekua. Walitaka kuwavuruga polisi, ndiyo maana treni zilichaguliwa zinazopita pale makao yao. Hawakufanikiwa: siku mbili baadaye, tarehe 22 Machi, polisi waliingia. Yaani chini ya "poa" yote kulikuwa na mzee mmoja anayeogopa kukamatwa. Hiyo nayo ilijulikana kwa wale waliobeba mifuko, si siri kubwa.

Kwa hiyo nasitasita ninaposikia wakisema watu hawa "walitiwa kasumba" au, kama wasemavyo bibi zetu, walirogwa. Mateso na vitisho vilikuwepo ndani ya Aum, dawa za kulewesha zilikuwepo, nakubali. Lakini ukisema alirogwa, umemwondolea mtu kila kitu, hata ule utu wake. Na Hayashi mwenyewe hakujitetea hivyo. Alikiri mbele ya polisi Mei 1995, kabla hawajajua yote, akasimulia na ya wengine. Mwaka 1998 mahakama ilimpa kifungo cha maisha, kwa kuzingatia kukiri kwake na majuto yake, na wale wenzake wanne wa kwenye treni walihukumiwa kifo. Julai 2018 Asahara na wafuasi 12 walinyongwa, sita pamoja naye tarehe 6, sita tarehe 26.

Nionavyo mimi, daktari hakuamka siku moja akawa muuaji. Kwanza alitibu wagonjwa ndani ya jumuiya, jambo jema. Kisha akaambiwa awachome dawa wale wanaotaka kutoka, ili wasahau walichokiona, naye akachoma. Baada ya hapo sindano za atropini, mwisho mwavuli. Kila hatua ilikuwa jirani na ile ya nyuma. Na kila hatua alikuwa anamwazima mwalimu wake macho, ya kwake ameyafumba. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kosa lake ni kuamini. Nimefuta. Kuamini tunaamini sote, la sivyo nani angevuka ziwa lile usiku na watoto? Kosa lake ni kumpa mtu mwingine ile sauti iliyosita pale kwenye treni. Alisita, jamani. Sauti ilisema. Alikuwa na muda wa vituo kadhaa.

Kabla sijaja kwenye ya kwetu, niseme mambo mawili kwa haraka. Moja: msidhani sumu hizi ni za vichaa wa dini peke yao. Serikali zimeua wengi zaidi. Machi 1988 ndege za Iraki ziliumwagia mji wa Wakurdi wa Halabja kemikali, wakafa watu wapatao 5,000, na Agosti 2013 sarini iliua mamia ya watu Ghouta, karibu na Damascus. Mkataba wa dunia wa kupiga marufuku silaha za kemikali ulianza kazi Aprili 1997, na bado. La pili ni letu Wakongo: Oktoba 1992 Asahara alikuja Zaire na wafuasi wapatao 40. Walisema ni msafara wa tiba, wa kusaidia wagonjwa. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani wa mwaka 1995 ulieleza kwamba walikuwa wanatafuta virusi vya Ebola wavifanye silaha. Hakuna ushahidi kwamba walivipata. Lakini fikiria, watu wanavuka bahari kuja kutafuta kwetu kile ambacho sisi kilituulia ndugu. Na mwaka uleule wa 1995, wiki chache tu baada ya Tokyo, ugonjwa huo ulitambuliwa Kikwit, ukaua zaidi ya watu 240, kati yao manesi na masista waliowahudumia wagonjwa wa kwanza bila hata glavu za kutosha. Wale nao waliamini. Naiweka hapo tu, sina la kuongeza.

Wale wafanyakazi wawili wa reli. Treni ya Hayashi ilipofika Kasumigaseki abiria walilalamika kuna kitu kimemwagika. Wafanyakazi wa kituo wakaingia, wakakiokota kifurushi, wakafuta sakafu kwa magazeti, kama mtu anayefuta maziwa yaliyomwagika, ili treni isichelewe. Hawakuwa na fundisho lolote la wokovu. Walikuwa na kazi ya kuweka behewa safi. Wawili wakaanguka wakafa. Hapa kambini nawajua watu wa namna hiyo: wale wanaozibua mifereji ya vyoo na koleo kabla ya kupewa buti, wakati sisi wengine tunaongea.

Sasa ya kwetu.

Masika yaliyopita watoto wa bloku yetu waliharisha sana, na mmoja akafa. Mwaka ule kulikuwa na kikundi cha maombi kilichokuwa kinakutana chini ya turubai nyuma ya soko, na kiongozi wake tulimwita nabii kwa sababu yeye mwenyewe alisema tumwite hivyo. Alikuwa amewakataza watu wake kupeleka watoto zahanati. Alisema dawa za mashirika ni za kupunguza imani. Wafanyakazi wa afya walijua, wakaja wakaongea, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Mtoto alipokufa nabii alisema ameonyeshwa ndotoni mwanamke mwenye chupa, anamimina kitu bombani kabla ya jua kuchomoza.

Bloku nzima ilijua ni nani anayekwenda bombani kabla ya jua. Ni mjane mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anakwenda saa kumi na moja kwa sababu anakaanga mandazi, na akichelewa foleni ya madumu inamla asubuhi yote. Mimi najua hivyo kwa sababu mimi pia huamka saa hiyo. Nimekutana naye bombani pengine mara mia. Ndoo mbili, kanga kichwani, "umeamkaje baba," "nimeamka mama." Hakuna chupa. Sijawahi kuona chupa.

Vijana walikwenda mlangoni kwake jioni. Nabii hakwenda, alibaki anaomba. Lakini aliwaambia kwamba wanamsaidia yule mama, kwamba akitikiswa pepo litatoka na roho yake itapona. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, na ndiyo maana siku niliposoma lile neno la Wajapani sikucheka mara ya pili. Wakachana turubai lake, wakavunja sufuria, wakamwaga unga. Mama akatoka nje na mjukuu mgongoni akasema, mimi nachota maji tu. Alisema hivyo mara nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye umati, safu ya pili. Nilikuwa na maneno manane ya kusema: huyu mama nakutana naye kila siku, hana kitu. Sikuyasema. Niliogopa watauliza, na wewe saa hiyo unafanya nini bombani?

Walinzi wa kambi walikuja kabla hajapigwa. Baadaye maji yalipimwa ikaonekana bomba lilikuwa limepasuka karibu na vyoo. Na wiki ileile, mke wangu alipokuwa zahanati, alimkuta kwenye foleni mke wa nabii na mtoto wao mdogo, anayeharisha, wamesubiri pakiti za chumvi na sukari kama watu wote. Nilipomsikia nilisema moyoni: sindano mfukoni. Bado nilikuwa sijaisoma habari ya Tokyo hadi mwisho, lakini ile ya sindano nilikuwa nimeshaifikia.

Nilifurahi kumkamata nabii hivyo. Furaha ilidumu siku moja. Maana mimi je? Yeye alijificha dawa ya mwanawe. Mimi nilijificha ukweli ambao ungemkinga mama wa watu, nikauweka akiba kwa usalama wangu.

Kuna sehemu ya habari ya Aum ambayo watu wengi hawaijui, na kwangu ndiyo ngumu kuliko ya treni. Miezi tisa kabla ya Tokyo, usiku wa tarehe 27 Juni 1994, watu wa Aum walipuliza sarini kutoka kwenye lori katika mji wa Matsumoto. Walikuwa na kesi ya ardhi huko na waliwalenga mahakimu waliokuwa wanakaa mtaa ule. Walikufa watu saba na mamia wakaumia. Wakati ule hakuna aliyejua ni nani. Mtu wa kwanza kupiga simu kuomba msaada alikuwa jirani mmoja, Kono Yoshiyuki, ambaye mkewe alianguka amezimia ndani ya nyumba. Polisi walipopekua kwake walikuta kemikali za kusafishia picha. Basi. Magazeti na televisheni vikamfanya mshukiwa, simu za matusi na vitisho zikaanza kuingia nyumbani, na mkewe yuko hospitali hajitambui. Kwa kemikali zile mtu asingeweza kutengeneza sarini hata kidogo, lakini nani alikuwa anauliza? Nchi iliyosoma kuliko karibu nchi zote, na ilikuwa imesimama safu ya pili kama mimi. Wakati huo wenye sumu halisi walikuwa wanaendelea na maandalizi. Baada ya Tokyo ndipo polisi na vyombo vya habari vilipomwomba radhi.

Mkewe hakuamka. Alifariki mwaka 2008, miaka 14 baadaye. Kumbe mwaka wa shambulio kulikuwa na jema moja: madaktari wa Matsumoto waliwachunguza wagonjwa wale kwa makini, na asubuhi ya Tokyo mmoja wao aliona habari kwenye televisheni akapiga simu hospitali za Tokyo kuwaambia, hii nimeiona, ni sarini. Watu wakapona kwa sababu hiyo.

Kono hakutaka kulipiza. Alikataa kumchukia Asahara hadharani, hata jina lake alilitaja kwa heshima ya Kijapani. Na kuna mtu mmoja wa zamani wa Aum aliyeshiriki kutengeneza lile lori, akafungwa miaka kumi. Alipotoka alikwenda nyumbani kwa Kono kuomba radhi. Kono akampokea. Yule mtu alijifunza kazi ya bustani gerezani, basi akawa anakuja kupogoa miti ya uani, wakamaliza wakanywa chai. Nimejaribu kuwaza siku ya kwanza alipobisha hodi. Alisema nini? Alishika nini mkononi?

Mama wa mandazi alihamishiwa zoni nyingine kwa usalama wake. Nabii yuko palepale, turubai limeongezwa. Kutoka kwetu hadi kwa yule mama ni mwendo wa dakika arobaini, unapita soko na kituo cha posho. Nimekwenda mara mbili. Mbele ya nyumba yake kuna mwembe mdogo na jiko la mandazi, amepata sufuria nyingine. Mara ya kwanza alikuwa na wateja wengi. Mara ya pili alikuwa peke yake, ameinama anakanda unga, na mimi nikasimama ng'ambo ya njia mpaka mjukuu wake akaniuliza, baba, unataka ya shilingi ngapi?